Kwa nini mpira ulisimama dakika ya 14: Stori ya Johan Cruyff na mashabiki aliowaacha

Tarehe 25 Machi 2016, Amsterdam. Uholanzi inacheza na Ufaransa, gemu ya kirafiki. Saa inafika dakika ya 14, refa anasimamisha mchezo. Hakuna mtu ameumia. Hakuna faulo, hakuna ofsaidi, na VAR ilikuwa bado haijaanza kutusumbua. Wachezaji wa timu zote mbili wanasimama penye wako na kuanza kupiga makofi. Uwanja wote unapiga makofi. Alafu mpira unaendelea kama kawaida, na Ufaransa wanashinda 3-2.

Kama hujui rada ya hiyo kitu, unaweza dhani ni makosa ya ratiba. Lakini siku moja kabla ya hiyo gemu, Johan Cruyff alikuwa amefariki Barcelona, akiwa na miaka 68, mwezi mmoja tu kabla afikishe 69. Saratani ya mapafu ndio ilimchukua. Na namba 14 ilikuwa jezi yake.

Najua wengi wenu mnaosoma hii hamkuwahi muona akicheza. Mimi pia sikumuona, alistaafu hata kabla mathee wangu amalize shule ya msingi. Tunamjua kwa klipu zenye picha imefifia, nywele ndefu, na kaptura fupi za kutisha. Sasa mbona watu walilia hivyo? Na mbona hadi leo ukiongea mpira na msee anayeujua kabisa, lazima jina lake litaje tu? Tulia hapa tuipange polepole.

Kijana wa muuza mboga

Cruyff alizaliwa 25 Aprili 1947 kwa mtaa unaitwa Betondorp, mashariki mwa Amsterdam. Babake alikuwa anauza mboga na matunda. Uwanja wa zamani wa Ajax ulikuwa hapo karibu tu, umbali wa kutembea kwa miguu, na kijana alishinda huko akisaidia wasee wa kutunza uwanja. Siku alifikisha miaka 10, akaingia timu ya watoto ya Ajax.

Miaka miwili baadaye, babake akafa ghafla kwa shida ya moyo. Johan alikuwa na miaka 12. Mamake akaanza kufanya usafi hapo Ajax ndio nyumba isilale njaa. Kumbuka hiyo, juu ndio maana Ajax kwake haikuwa tu klabu. Ilikuwa ndio mahali mathee alitolea unga. Na kumbuka pia hiyo shida ya moyo. Tutairudia.

Alicheza gemu yake ya kwanza ya timu kubwa Novemba 1964 akiwa na miaka 17. Ajax walichapwa 3-1. Hiyo moja ya Ajax ni yeye alifunga. Baada ya hapo akaja kocha Rinus Michels, na hao wawili wakageuza timu ya kawaida kuwa timu iliyobeba Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo: 1971, 1972 na 1973. Fainali ya 1972 dhidi ya Inter iliisha 2-0, na magoli yote mawili yalikuwa ya Cruyff. Ballon d'Or akabeba tatu, 1971, 1973 na 1974.

Sasa hiyo 14 ilitoka wapi?

Siku hizo, wachezaji wanaoanza walivaa namba 1 hadi 11. Namba za juu zilikuwa za wasee wa benchi. Cruyff mwenyewe kawaida alikuwa anavaa 9.

Oktoba 1970, alikuwa anarudi kutoka kwa jeraha, na Ajax wanacheza na PSV. Kwa chumba cha kubadilishia nguo, mwenzake Gerrie Mühren hapati jezi yake. Cruyff akampea yake, akaingiza mkono kwa kikapu cha jezi zilizobaki, akatoa 14. Wakashinda. Wakaamua wasibadilishe kitu. Ni hivyo tu. Namba kubwa kabisa kwa historia ya Ajax ilianza na msee kusaidia beshte jezi.

Kombe la Dunia la 1974, Uholanzi walipeana namba kwa alfabeti. Ndio maana straika Ruud Geels alipewa namba 1, na kipa Jan Jongbloed akacheza na 8. Si utani. Cruyff pekee ndiye alikataa mambo ya alfabeti, akabaki na 14 yake. Na si hiyo tu. Jezi ya Uholanzi ilikuwa ya Adidas, ile ya mistari mitatu. Yeye alikuwa na mkataba na Puma. Sasa ukiangalia picha za hiyo mwaka vizuri, utaona wenzake wako na mistari mitatu kwa mkono, yeye ako na miwili. Alikuwa mkaidi kiasi hicho, na alijua bei yake wakati wachezaji wengi walikuwa bado wanaogopa kuuliza mshahara.

Ajax waliistaafisha hiyo namba 2007. Hakuna mtu anavaa 14 hapo tena.

Totali futboli, kwa lugha ya mat

Utaskia watu wakisema Cruyff alicheza "totali futboli". Wengi husema tu juu inaskika poa. Wacha nieleze.

Chukua mat ya kawaida. Dere anaendesha, konda anaita abiria na kushika doh. Dere akitoka, mat imekwama. Mpira wa zamani ulikuwa hivyo. Beki ni beki, winga ni winga, kila mtu na kiti chake. Sasa fikiria mat ambayo konda anaweza kuruka kwa usukani, dere akashika mlango, na hata abiria wa nyuma anajua njia zote za mkato, na hakuna steji inarukwa. Hiyo ndio totali futboli. Beki akipanda, kiungo anashuka kujaza nafasi yake. Straika akirudi katikati, winga anaingia penye ametoka. Adui anabaki akijiuliza nimshike nani.

Siri haikuwa kukimbia sana. Siri ilikuwa nafasi. Ukiwa na mpira, ufanye uwanja uwe mkubwa, kila mtu aende mbali. Ukipoteza mpira, ufanye uwanja uwe mdogo, mkimbilie mwenye mpira kama mbogi. Cruyff ndiye alikuwa anaelekeza yote hayo akiwa ndani ya uwanja. Ukitazama gemu nzima badala ya klipu za magoli, utaona mkono wake umeinuka kila wakati, anamwonyesha mtu pa kwenda.

Kwenye hiyo Kombe la Dunia ndio alifanya ile kitu yako umejaribu mtaani ukaanguka. Uholanzi na Uswidi, ilikuwa 0-0. Beki Jan Olsson amemkaba kwa pembeni. Cruyff anajifanya anapiga krosi, mguu unapita juu, alafu anauvuta mpira nyuma ya mguu wake mwingine na kugeuka. Olsson anaelekea upande mmoja, mpira na Cruyff wanaenda upande mwingine. Haikuzaa goli. Lakini hadi leo watoto wa akademi dunia nzima wanafundishwa, na inaitwa kwa jina lake.

Walipoteza, na bado wakapendwa

Fainali ilikuwa Munich, 7 Julai 1974, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Uholanzi wakaanza, pasi baada ya pasi, Cruyff akachukua mpira kutoka nyuma, akakimbia nao hadi kwa boksi, akaangushwa. Penalti. Neeskens akadunga. Ilikuwa 1-0 na hakuna Mjerumani alikuwa amegusa mpira. Fikiria hiyo.

Alafu wakalegea, Ujerumani wakarudisha, wakaongeza, ikaisha 2-1.

Uliza msee yeyote wa umri wa guka wako timu gani anakumbuka 1974. Wengi watakuambia Uholanzi. Waliobeba kombe ni wale wengine. Hii ndio kitu ya kwanza ya kushika kama unataka kuelewa huzuni ya mashabiki wa Cruyff: hawakumpenda kwa hesabu ya makombe pekee. Walimpenda kwa venye aliwafanya waone mpira.

Kombe la 1978 hakuenda. Kwa miaka mingi watu walisema ni siasa, wengine wakasema ni bibi yake alimkataza. Ni 2008 ndio alifunguka: kulikuwa na jaribio la kuwateka nyumbani kwao Barcelona, bunduki kichwani, bibi na watoto wakiwa hapo ndani. Baada ya hiyo aliona kuna vitu maishani kubwa kuliko kombe. Kwa miaka thelathini alibeba lawama na hakusema kitu.

Barcelona: jina la mtoto lilikuwa vita

1973 wachezaji wa Ajax walipiga kura ya kapteni wakamchagua Piet Keizer. Cruyff akakasirika, akatoka. Barcelona wakamnunua kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia.

Unahitaji kujua Uhispania ilikuwa vipi. Dikteta Franco alikuwa bado madarakani. Lugha ya Wakatalunya, wenyeji wa Barcelona, ilikuwa imebanwa. Uwanja wa Barca ulikuwa mojawapo ya sehemu chache wangeweza kujiskia watu. Na timu haikuwa imebeba ligi tangu 1960.

Februari 1974 bibi ya Cruyff alikuwa na mimba. Siku ya kujifungua ilikuwa inagongana na gemu ya Real Madrid. Wakaisogeza mbele, mtoto akazaliwa kwa upasuaji tarehe 9, Amsterdam. Tarehe 17 Cruyff akaingia uwanja wa Madrid, Barca wakashinda 5-0. Huko kwao hiyo gemu bado inaongelewa. Na hiyo msimu wakabeba ligi.

Alafu akaenda kumsajili mtoto Barcelona. Jina ni Jordi, la Kikatalunya. Ofisi ikasema hapana, majina hayo hayaruhusiwi, muite Jorge. Cruyff akakataa. Mtoto alikuwa ashasajiliwa Uholanzi kama Jordi, na Jordi ndio itakuwa. Wakakubali. Ndio, ni yule Jordi Cruyff mlikuja kumuona Man U.

Kwa mgeni kutoka Uholanzi huenda ilikuwa tu jina alilopenda. Kwa watu wa huko, staa mkubwa wa dunia alikuwa amesimama na lugha yao wakati wao wenyewe walikuwa wanaogopa. Ukishaelewa hiyo, huwezi shangaa kwamba miaka 42 baadaye wazee walipanga laini kumuaga.

Hakuwa malaika

Hapa ndio stori nyingi za marehemu hudanganya. Mtu akifa anakuwa mtakatifu. Mashabiki wa Cruyff, wale wa ukweli, hawafanyi hivyo, na nawaheshimu kwa hiyo.

Alikuwa mgumu. Alijua kila kitu na hakuficha. Aligombana na marais wa klabu, wachezaji, makocha wenzake. Alistaafu mara ya kwanza 1978, akaweka doh kwa biashara ya nguruwe, ikamla karibu kila kitu. Ndio maana akarudi kucheza, akaenda Marekani, Los Angeles Aztecs na Washington Diplomats. Genge la mpira lilikuwa limemfundisha nafasi, si uhasibu.

Alafu akarudi Ajax. 1983 wakamwambia hawampei mkataba mpya, ashazeeka. Unajua alifanya nini? Akavuka akaenda Feyenoord, mahasimu wakubwa kabisa wa Ajax. Ni kama legendi wa Gor aamke kesho na jezi ya Ingwe. Mapema kwa msimu Ajax waliwachapa Feyenoord 8-2, watu wakacheka. Mwisho wa msimu Feyenoord walibeba ligi na kombe, Cruyff akiwa na miaka 37. Akatundika viatu, sasa kabisa.

Mashabiki wa Ajax waliumia. Na bado leo uwanja wao unaitwa Johan Cruijff ArenA. Unaweza kumkasirikia mtu na umpende pia. Kama uko na mzae, unajua hiyo.

Kocha aliyejenga nyumba, wengine wakaingia kuishi

Kama angeacha hapo, angekuwa legendi tu wa zamani. Lakini akakuja kuwa kocha, na hapo ndio anaingia kwa mpira wako wewe, ule unatazama wikendi.

Alianza na Ajax, akabeba Kombe la Washindi 1987, goli la kijana anaitwa Marco van Basten. 1988 akaenda Barcelona. Klabu ilikuwa na vurugu, wachezaji walikuwa wamegombana na rais hadharani. Akaondoa wengi, akaleta Koeman, Laudrup, Stoichkov na baadaye Romário. Na akachukua kijana mwembamba wa akademi, asiye na mbio wala nguvu, akamweka katikati ya uwanja juu aliona haraka kuliko wengine. Huyo kijana ni Pep Guardiola.

Timu ikaitwa Dream Team. Ligi nne mfululizo, 1991 hadi 1994. Bahati pia ilikuwa upande wake. Mara mbili, 1992 na 1993, Real Madrid walihitaji kushinda Tenerife siku ya mwisho na wakapoteza, mara zote mbili. 1994 Deportivo walikosa penalti dakika za mwisho kabisa. Lakini bahati hupata mtu ako penye inapita.

20 Mei 1992, Wembley, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Sampdoria. Barca hawakuwa wamewahi kubeba hiyo kombe. Wachezaji wana presha hadi mate imekauka. Cruyff akawaambia watoke nje wakajifurahishe. Hayo tu. Koeman akapiga friikiki kwa muda wa nyongeza, 1-0, historia. Miaka miwili baadaye Milan wakawapiga 4-0 kwa fainali, na 1996 akafutwa kwa ugomvi. Hakukochi klabu kubwa tena.

Sasa skiza alichoacha. Zoezi linaitwa rondo, ile wachezaji wanazunguka na kupasiana, mmoja au wawili katikati wanatafuta mpira. Umeona timu zote zikifanya kabla ya gemu. Cruyff aliifanya iwe msingi wa kila siku Barca. Juu ndani ya rondo kuna kila kitu: pasi ya mguso mmoja, pembe, kufikiria kabla mpira ufike. Akataka timu zote za watoto zicheze kama timu kubwa, ndio kijana akipanda asipotee. Akataka kipa acheze kwa miguu. Na akataka vijana wadogo kwa mwili wapewe nafasi kama wana akili ya mpira.

Baadaye wakaja Xavi, Iniesta, Messi. Hakuna hata mmoja mrefu. Guardiola alipopata hiyo timu 2008, yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba Cruyff ndiye alijenga kanisa, na wao kazi yao ni kulitunza. Na ukiona Man City ya Pep au Arsenal ya Arteta, ambaye alipitia La Masia, ikianza mpira kutoka kwa kipa huku roho yako inakuruka, wa kulaumu ni msee wa Betondorp.

Hata goli tunalojivunia kama Wakenya linaingia hapa. 7 Novemba 2012, Celtic na Barcelona. Barca walishika mpira karibu gemu nzima, hiyo rondo ya Cruyff ikizunguka na kuzunguka. Kona moja, Victor Wanyama akaruka, kichwa, goli. Ikaisha 2-1. Uzuri wa hiyo goli ni kwamba ilivunja mashine. Na mashine yenyewe ilianza kuundwa na huyu mzee.

Na 2010, Kombe la Dunia la kwanza Afrika, wakati wa vuvuzela, fainali ikawa Uhispania na Uholanzi. Uhispania ilijaa vijana wa Barca. Uholanzi wakacheza rafu, mateke hadi ya kifua. Iniesta akadunga dakika ya 116. Cruyff, Mholanzi mwenyewe, akatoka akawaambia watu wake peupe kwamba walichocheza kilikuwa kibaya na hakikuwa mpira. Yeye alikuwa upande wa wazo lake, hata kama lilikuwa limevaa jezi ya wengine.

Fegi

Nilisema tutarudi kwa moyo. Cruyff alivuta fegi tangu akiwa kijana, na aliendelea hata alipokuwa mchezaji bora duniani. Alipokuwa kocha, kila picha ya benchi ni yeye na moshi. Februari 1991, akiwa na miaka 43, moyo ukagoma. Wakamfanyia upasuaji wa kufungua njia mpya za damu. Kumbuka babake.

Akaacha siku hiyo. Kwenye benchi akaanza kula lolipopu badala ya kuvuta. Alafu akatoa tangazo na serikali ya Katalunya: amevaa koti, anadanadana na pakiti ya fegi kama mpira, mguu, goti, alafu anaipiga teke inapotea. Ujumbe wake ulikuwa kwamba mpira ulimpa kila kitu maishani, na tumbaku ilikaribia kumnyang'anya yote.

Oktoba 2015, miaka 24 baada ya kuacha, akaambiwa ni saratani ya mapafu. Kuna mtu atasema, sasa si aliacha bure? Hapana. Ukiacha kuvuta, hatari ya saratani ya mapafu inashuka. Baada ya kama miaka kumi inafika karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea. Lakini haifiki sufuri. Zile miaka umeshavuta zinabaki kwa kitabu. Na zile 24 alizoongezewa ndani yake kuna Wembley, kuna ligi nne, kuna wajukuu. Kama yule beshte yako wa kuvuta anasema ataacha akifika thelathini, mtumie hii aya peke yake. Huna haja ya kumhubiria.

Februari 2016, alisema anahisi kama anaongoza 2-0 nusu ya kwanza, kwa gemu ambayo bado haijaisha. Siku iliyofuata, Barca wanacheza na Celta Vigo, wanapata penalti. Messi badala ya kupiga, akasukuma mpira kidogo pembeni, Suárez akaja akamalizia. Dunia ikapagawa. Wazee wakacheka tu, juu Cruyff alifanya hiyo penalti ya pasi na Jesper Olsen huko Ajax, Desemba 1982. Wengi waliichukua kama salamu kwa mgonjwa. Wiki tano baadaye alikuwa ameenda.

Venye mashabiki walimuaga

Familia ilimuaga kimyakimya, bila watu wengi. Kwa hivyo mashabiki wakabaki wakitafuta mahali pa kupeleka huzuni yao.

Barcelona walifungua sehemu hapo Camp Nou kwa siku kadhaa, watu waje waandike kitabuni. Maelfu wakaja. Wazee waliokuwa uwanjani 1974 na watoto wa jezi ya Messi kwa laini moja. Hata rais wa Real Madrid, Florentino Pérez, akaja kutoa heshima. Aliyewachapa 5-0 kwao nyumbani! Heshima ya adui ndio kipimo cha mwisho.

2 Aprili ikawa Clásico. Uwanja mzima ukainua kadi, maandishi makubwa: asante Johan, kwa Kikatalunya, ile lugha walikatazwa kuandika mtoto. Alafu gemu ikaanza, Madrid wakashinda 2-1. Barca walikuwa hawajapoteza gemu 39. Wakapoteza hiyo, ya kumuaga mzee. Mpira hauna huruma, na naamini yeye mwenyewe angekasirikia beki zaidi ya kushukuru kwa kadi.

Baada ya hapo zikaja heshima za kudumu. Uwanja wa Ajax kubadilishwa jina. Uwanja mdogo wa Barca, wa watu kama 6,000, kuitwa Johan Cruyff 2019, na hapo ndio timu ya wanawake ya Barca, ile ya kina Alexia Putellas, imekuwa ikichezea gemu nyingi. Na kuna viwanja vidogo vya mtaani vya wakfu wake, alioanzisha 1997, ambavyo viko nchi nyingi, vya watoto kucheza bure. Hivyo ndio mimi napenda zaidi. Sanamu haipigi pasi.

Na sisi?

Kuna mtu atauliza, Mholanzi anatuhusu nini? Swali poa. Jibu langu ni hili: mashabiki wa Cruyff walimkumbuka kwa kitu unaweza kufanya tena. Dakika ya 14. Ule mgeuko. Rondo. Jina la mtoto. Kumbukumbu yenye inafanywa haizeeki haraka kama kumbukumbu ya kuposti mshumaa na kusema lala salama legendi.

Sisi tulikuwa na Joe Kadenge. Aliichezea Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, na Harambee Stars, na 2002 akawa kocha wa Stars. Mchezaji na kocha, kama huyo mwingine. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilitaja jina lake redioni hadi "Kadenge na mpira" ikawa msemo wa nchi nzima, hata kwa watu hawajui offside ni nini. Alifariki Julai 2019. Niambie ukweli: wewe unajua kitu gani alifanya na mpira? Si msemo. Kitu chenyewe, goli, chenga, gemu. Wengi wetu tumebaki na jina na sauti, klipu hakuna.

Lakini wako wazee walimuona, na bado wako hai. Wako kwa base, wako kwa kinyozi, mmoja huenda anakaa na wewe nyumba moja na hujawahi kumuuliza. Weka simu irekodi, muulize alikuwa anachezaje, alisimama wapi uwanjani, alimtesa beki gani. Waholanzi walisimamisha mpira dakika ya 14 juu kila mtu pale alijua 14 inamaanisha nini. Sisi tukitaka kumsimamishia mtu mpira, tutasimamisha dakika gani?